Picha Tatu kwa Mkupuo Mmoja: Uzoefu Wangu Ufuoni Dunga

Kwa muda wa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia uwezo wa kamera yangu wa kupiga picha tatu zenye mwanga tofauti kwa mkupuo mmoja, ule unaoonyeshwa kwenye menyu kwa herufi AEB. Mahali nilipoutumia zaidi ni ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, ambako jua la mchana likimulika ziwa, kipimo cha mwanga cha kamera hudanganyika kwa urahisi. Kamera huona mng'ao wa maji, ikadhani kila kitu kina mwanga wa kupindukia, ikaupunguza. Basi mtu aliyesimama mbele ya maji hayo, hasa mwenye ngozi nyeusi kama wengi wetu wa huku, hutoka kama kivuli kisicho na macho wala pua.

Matumizi yenyewe si magumu. Huchagua mwenyewe ukubwa wa tundu la lenzi, nikaiachia kamera kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naifunga kwenye 100 ili isibadilike. Nikiweka tundu kwenye f/8 na tofauti ya stopu moja kati ya picha na picha, kisha kipimo kikatoa sekunde 1/250, picha ya giza itapigwa kwa 1/500 na ya mwanga kwa 1/125, kwa kuwa kila stopu huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu.

Thamani yake niliiona siku nilipomkuta mzee mmoja akishona wavu uliochanika chini ya mti, ziwa likiwaka nyuma yake. Nilimwomba ruhusa, akanikubalia.

"Mbona imelia mara tatu, kijana?" aliniuliza, nami nikamwonyesha zote kwenye kioo cha kamera. Katika ile ya giza, mawimbi na mashua vilionekana vizuri lakini uso wake ulikuwa umezama. Ya kati haikuwa na uhai wowote. Ya mwanga ilionyesha uzi wa nailoni ukiwa umekazwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na mikunjo iliyo kando ya jicho lake, ingawa maji yalikuwa yameungua yakawa meupe pe. Mzee aliichagua hiyo bila kusita, na mpaka leo naamini alichagua vyema.

Wengi husifu uwezo huu kwa sababu ya kuunganisha zile picha tatu kwa programu ya kompyuta. Mimi sijaufaidi sana kwa njia hiyo ufuoni, kwa sababu mashua haitulii: kati ya picha ya kwanza na ya tatu huwa imeshayumba, na ukiziunganisha, ubavu wake hutokea mara mbili kama ukungu. Kwenye ukingo wa kreta ya Menengai, ambako miamba haiendi popote, nilitumia tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, na tofauti ya stopu mbili, na matokeo yalinifurahisha: mawingu yalibaki na umbo lake na bonde likaonekana hadi chini. Jioni tripodi ni ya lazima, kwani sekunde 1/60 ikiongezewa stopu mbili inakuwa 1/15, na mkono hauwezi kutulia kiasi hicho.

Lawama yangu moja ni kwamba kamera hii huendelea kuukumbuka mpangilio huo hata baada ya kuzimwa. Nilitoka Dunga Ijumaa, na Jumamosi nikapiga picha za harusi Nakuru bila kuangalia menyu. Bibi harusi alipokuwa akivishwa pete, picha iliyomnasa ilikuwa ile ya giza. Kwa bahati nilikuwa nikihifadhi faili ghafi, ambazo huvumilia marekebisho kuliko picha za kawaida za JPEG, na nikaweza kuurudisha uso wake. Siku hizi, kabla ya kufunga mkoba, nairudisha AEB kwenye sifuri nikiwa bado ufuoni.