TAHADHARI: Duka la kamera Kariakoo linakuonyesha Canon halisi, linakufungia plastiki

Ndugu zangu, kama kuna mtu anajiandaa kwenda Kariakoo kutafuta kamera ndogo ya dijitali ya bei nafuu, asome kwanza hapa. Nimelizwa mchana kweupe, na nina hasira ambayo hata usingizi hauitoi.

Nilikuwa natafuta kamera kwa sababu simu iliniangusha kwenye picha za ubarikio wa mtoto wa dada. Sikutaka yale yajirudie.

Duka lenyewe lina vioo, kamera zimepangwa kwa mstari, kila moja ina bei yake imebandikwa. Yule kijana ndiye muuzaji mwenye adabu kuliko wote niliopita kwao siku ile. Alinivutia kiti, akaniuliza natoka wapi. Kusikia Morogoro, akasema bibi yake yuko Kilosa. "Dada, bajeti yako ngapi?" Nikamwambia isizidi laki tatu na nusu. Nikamwonyesha Sony Cyber-shot moja iliyokuwa rafu ya juu, bei yake ilizidi kidogo lakini nilikuwa tayari kuongeza. Akanizuia! "Hiyo W800 inavuta mara tano tu, dada, utajuta. Chukua Canon IXUS 185, inavuta mara nane, na hela inakubakia ya nauli." Na hapo hakudanganya, nimehakikisha, kamera hizo ndivyo zilivyo. Sasa niambieni, muuzaji anayekukataza kununua kitu cha bei kubwa, utamshuku kwa lipi?

Akaitoa kabatini akanipa mkononi. Niliiwasha mwenyewe. Lenzi ikatoka taratibu, kioo kikawaka. Nikasimama mlangoni, nikavuta bango la duka la vitenge ng'ambo ya barabara mpaka nikasoma namba ya simu iliyoandikwa chini kabisa. Nikamwomba mama mmoja muuza maji nimpige picha, akakubali, na sura yake ilitoka safi hadi nyuzi za kilemba zinahesabika. Nilirudi ndani nimeridhika. Ni nani asingeridhika?

Ndipo akasema, "Hii ni ya kuonyeshea wateja, dada, imeshikwashikwa sana. Subiri nikutolee mpya stoo." Akarudi na boksi lenye jina lilelile na picha ileile, limebanwa na nailoni. Nikamwambia tulifungue. Akatabasamu, akasema nailoni ikikatwa dukani waranti ya mwaka mzima inakufa papo hapo. Alisema kwa upole kabisa, kama ananitetea. Akaandika risiti kwa mkono, akagonga mhuri, akaniongezea memori kadi ya GB 128 akiiita zawadi. Wakati huohuo mwenzake ananisomea lipa namba, mwingine anahimiza nilipe upesi kwa kuwa mtandao unakatakata, mwingine ameshalitia boksi kwenye mfuko. Nikalipa 340,000.

Boksi nililifungua nyumbani. Mama na wadogo zangu wamezunguka meza, mmoja anarekodi kwa simu. Kilichotoka ni kidude chepesi cha plastiki kilichoandikwa 48MP na 16X. Lenzi haitoki wala hairudi, ni duara tu limechongwa kwa mbele. Betri yake bapa kama ya kitochi. Ukivuta picha, sura ya mtu inageuka madoa. Mdogo wangu alizima kurekodi bila kuambiwa, na mama akauliza, "Ndiyo hii ya laki tatu?" Aibu ile siisahau.

Nilipiga simu. Akapokea, akasikiliza vizuri, halafu akasema, "Dada, labda umechanganya maduka, sisi hizo hatuuzi." Kisha akaniblock. Binamu yangu alikwenda na risiti yangu, wakamjibu kuwa mhuri ule si wao. Mhuri uliogongwa mbele ya macho yangu!

Jina la duka silitaji hapa kwa sababu jalada limeshafunguliwa polisi. Lakini nawaambia, watu wale wakamatwe wote, aliyeshika boksi, aliyesoma lipa namba, na mwenye duka anayejifanya hayupo. Kuweka jina la Canon kwenye takataka ni kosa, Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, kazi yao mojawapo ni hii ya bidhaa bandia. Waje na makufuli.

Mkienda, kata nailoni palepale dukani. Akikataa, ondoka. IXUS 185 halisi lenzi inatoka, na mbele yake imeandikwa 8x na 5.0-40.0 mm. Betri yake ni NB-11L au NB-11LH, unaitoa na kuichaji kwenye chaja yake ya ukutani. Hicho nilichouziwa mimi kinachajiwa kwa waya wa USB. Video ya IXUS 185 ni 720p, kwa hiyo ukiona 4K kwenye boksi la modeli hiyo, ni uongo. Na hizo megapikseli 48 hazipo, programu inaitanua tu picha ndogo ili namba iwe kubwa. Kadi nayo ni feki. Inajitangaza GB 128, ila ukishapita nafasi yake ya kweli picha zinaharibika, majina ya mafaili yanabaki lakini hayafunguki. Daini risiti ya mashine ya kodi (EFD), ya mkono msiipokee.

Sitaki hata kurudishiwa hela kimyakimya, maana wameshaanza kumtuma mtu kwa binamu yangu eti "tuyamalize". Wakalale ndani kwanza. Kuna wanafunzi na mafundi picha wanaoanza ambao laki tatu ndiyo mtaji wao wote, na vijana wale wanawavutia viti kila siku. Kama nawe ulifungiwa boksi la namna hiyo Kariakoo na risiti ya mkono bado unayo, nitumie picha yake inbox leo hii, mpelelezi ameniambia malalamiko yakiwa mengi kesi inakuwa na nguvu.