Kikundi cha wafanyabiashara wenye asili ya Pakistan hapa Mbeya: je, inalipa kujiunga?

Nimekuwa naenda kwenye vikao vya kile kikundi kipya cha wafanyabiashara na wataalamu wenye asili ya Pakistan tangu kinaanza, na kwa kuwa kila nikifika Mwanjelwa lazima mtu aniulize kama kuna cha maana au ni kunywa chai tu, naandika hapa mnisome wote. Cha maana kipo. Mapungufu pia yapo na nitayasema, ila huko nimepata kitu ambacho semina za ujasiriamali hazijawahi kunipa.

Wazo lenyewe sio jipya. Marekani Wapakistani walianzisha OPEN mwaka 1998 kule Boston, wenye biashara na watu wa maofisini wakawa wanakutana na kuunganishana, sasa hivi wana chapta miji kibao, Silicon Valley, Houston na kwingine. Kabla yao kulikuwa na TiE, mtandao kama huo wa wajasiriamali wenye asili ya India, Pakistan na nchi za jirani, wa tangu 1992. Hiki cha kwetu sio tawi la OPEN, wamechukua tu ule mtindo wakauleta kwenye ukumbi mdogo wa hoteli pale Forest, Jumamosi moja kila mwezi. Wanaokuja ni wauza spea na magari ya Japani, daktari, wahasibu, vijana wa kompyuta, halafu na sisi Wabaluchi wa Rujewa, kule Usangu. Mwanzoni kuna waliohoji Wabaluchi wanaingiaje, maana babu zetu walifika Usangu kabla Pakistan yenyewe haijazaliwa 1947 na wengine asili yao ni upande wa Iran, bahati nzuri wazee wakasema anayetaka kukaa mezani akae, na mwenye asili nyingine yoyote akialikwa na mwanachama anakaribishwa. Hapo ndipo waliponiteka mimi, maana kikundi cha kujifungia wenyewe kwa wenyewe hapa Mbeya kingekufa mapema sana.

Kikao kinaendaje? Kila mtu anasimama dakika mbili anasema anafanya nini, amekwama wapi na anaweza kumsaidia nani. Katibu ana kaunta buku, anaandika nani kamuahidi nani nini, na kikao kinachofuata kabla hata chai haijamiminwa anafungua ukurasa na kuuliza mbele ya wote, bhai, ile namba ya mtu wa Tunduma ulimpa mwenzako? Yaani hapo hakuna kukwepa. Kwa wanaotaka kuanzisha kitu kama hiki Iringa au Njombe, igeni hilo kwanza, hayo mambo ya logo na fulana yatakuja baadaye.

Nikupeni mfano wangu. Nina mashine ya kukoboa mpunga na kilio changu kilikuwa chenga, yaani punje zilizovunjika, wanunuzi wa Dar wanakata bei wakiziona. Nikasimama nikasema. Kuna mhandisi mmoja amekulia Gujranwala, kule Punjab kwenye basmati, nilitegemea aniulize mashine ni ya kampuni gani, yeye akauliza, "Dada, mpunga unaingia ukiwa na unyevu kiasi gani?" Huku kwetu unyevu tunapima kwa meno, unang'ata punje ikilia ka! basi unapeleka mashineni. Wiki iliyofuata akaja Rujewa na kipimo chake, kidude cha kushika mkononi, akachota mpunga gunia moja baada ya jingine, namba zinaruka hatari: mmoja umekauka mno kwa sababu ulilala kwenye turubai juani, wa pembeni yake bado mbichi, na vyote vinamwagwa pamoja. Akasema lenga asilimia 14 hivi, anika tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, jua la saa saba funika, maana punje ikikauka ghafla inapasuka ndani kabla hata haijaguswa na mashine. Ndivyo tunavyofanya sasa na chenga zimepungua, wanunuzi wenyewe wameona. Hakunidai hata shilingi, nilimpa mchele akapikie nyumbani.

Kikao kingine kilichokuwa moto ni cha yule wakili aliyekuja kueleza agizo la serikali la Julai 2025 la biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya. Zipo 15, na humo ndani kuna kununua mazao shambani, kutengeneza simu, uwakala wa pesa za mitandao, udalali. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, kwa sababu mle kuna raia waliozaliwa hapahapa na kuna wenzetu wageni wanaoishi kwa kibali, na watu walikuwa wanachanganya. Kuna kijana alikuwa anajipanga kwenda Ubaruku kununua mpunga kwa wakulima, akaelewa palepale kwamba kwake hiyo haipo, atafute njia nyingine ya halali. Kikao kimoja kama hicho kinarudisha ada ya mwaka mzima.

Sasa mapungufu. Muda ni baada ya magharibi, na sisi wa Rujewa tukitoka hapo tunapita mteremko wa Inyala usiku na yale malori ya Tunduma, kwa kweli sio salama, na ndio maana wanawake tunahesabika. Wakiweka saa nne asubuhi tutajaa. La pili, mazungumzo yakinoga wazee wanahamia Kiurdu na nusu ya meza inabaki inatazama sahani, wakati wote mle Kiswahili tunakijua. Nimeshamwambia mwenyekiti, ameahidi, na katibu kaandika.

Chakula kizuri, biriani yenyewe haswa na chai ya maziwa ya tangawizi, mwezi wa sita na wa saba njoo na sweta maana ule ukumbi ni baridi. Elfu 15 kwa kikao, chakula humohumo. Kama unakuja kugawa bizinesi kadi tu usisumbuke, ila kama una tatizo linalokunyima usingizi njoo nalo, lieleze kwa namba na mifano. Nawapa nyota nne, ya tano wataipata wakianza vikao vya mchana.