Kadi ya CHF iliyoboreshwa: nimechoshwa na dirisha la dawa

“Wa CHF kaeni pembeni, dawa zenu hakuna.” Zenu! Kumbe zipo za wenye fedha na za wenye kadi ya CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii? Kauli hiyo ilitoka dirishani kwenye kituo kimoja cha afya huku Mtwara, si siku nyingi, na nikiikumbuka hasira zinanipanda upya.

Anayedai mageuzi ya bima yamepunguza gharama asihesabu kadi, asimame pale dirishani. Kumwona daktari hulipi, kupima malaria hulipi, halafu unaandikiwa ukanunue duka la dawa. Mwenye presha anameza kidonge kila siku ya Mungu. Kwake gharama imehama tu.

Sababu zinajulikana. Kituo kinaagiza dawa MSD, Bohari ya Dawa ya serikali. Dawa ikikosekana, mpaka ipatikane taarifa ya kukosekana ndipo kinunue kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Fedha za CHF nazo hukifikia kituo baada ya madai, wakati mlipa taslimu anatoa noti papo hapo. Sasa nani atahudumiwa kwa uso mkunjufu? Mwenye NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akikosa dawa hupewa fomu 2C, akachukue kwenye duka lenye mkataba. Mwenye CHF hana mlango wa pili. Hapo ndipo bima yetu inapovuja.

Nisiidhulumu kadi lakini. Shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 ni 5,000 kwa kichwa, mwaka mzima. Mmoja wenu akipasuliwa Ligula, hospitali yetu ya mkoa, kwa kufuata rufaa, kadi imeshajilipa. Kwa hiyo kateni, na mkate wakati wa minada ya korosho, maana kadi inayoisha masika inakukuta mfuko mtupu. Mwandikishaji asiondoke kabla hajapiga picha wote 6 na majina kulingana na vitambulisho. Ukipewa rufaa, kagua mhuri kabla hujapanda gari. Bila karatasi hiyo, na kama si dharura, hospitali ya mkoa utalipa mwenyewe.

Nawaambia kateni, na bado roho inakataa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Kuongeza watu kwenye foleni ileile isiyo na dawa si kupanua huduma. Mwenye kipato kidogo naye apewe fomu ya kuchukulia dawa dukani kama mwenzake wa NHIF, tena kabla hajaombwa kuchangia shilingi moja zaidi.