Kitambaa kilirudi cheusi: uzoefu wangu na duka la kusafisha santuri

Hasira hii ninayo tangu kabla ya masika na bado haijapoa, kwa hiyo mnivumilie. Kuna duka hapa Dar es Salaam, jina silitaji, linalosafisha sahani za santuri na kuzihamishia kwenye flashi. Wameniharibia sahani ambayo hata wakiliuza duka zima hawawezi kunilipa. Msipeleke kitu pale. Nitaeleza kwa nini, na mbele kidogo nitasema jambo jingine ambalo sikutaka kulisema.

Mimi nakusanya santuri zilizosahaulika. Sibagui: taarabu ya Tanga, dansi la Morogoro, rumba la Leopoldville, Kinshasa ya leo, lenye lebo ya Ngoma, nyimbo za filamu za Kihindi zilizoachwa na familia zilizohama, kwaya za misheni. Mbaraka Mwinshehe ninaye, Salum Abdallah ninaye, lakini hao wana watu wengi wa kuwakumbuka. Ninaowatafuta ni wale waliotoa sahani moja au mbili, kisha kimya. Bendi zetu nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye tepu, na sahani zikachapwa Nairobi kwa sababu huku kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Leo ukiokota sahani ya namna hiyo kwenye boksi la mtu anayehama nyumba, unachopata ni lebo iliyofifia na namba iliyochongwa kwenye ule utepe mtupu unaoizunguka lebo. Mara nyingine namba hiyo ndiyo kitu pekee kinachosema kwamba watu wale waliwahi kuingia studio. Ndiyo maana mtu akishika sahani yangu na vidole vyenye mafuta ya chipsi, moyo unaniruka.

Nilipeleka sahani 16. Kumi na tano ni za vinaili, aina ya plastiki, nyingi zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, ambazo wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Ya 16 ilikuwa ya bibi.

Hii ya bibi ilitoka Ngamiani, Tanga. Ni sahani nzito ya zamani, ya mwendo wa 78, yenye lebo ya yule mbwa anayesikiliza gramafoni. Kampuni ya lebo ile, His Master's Voice, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na baada yake waimbaji wengine wa pwani wakafuata. Hii naamini ni ya mmoja wa hao waliofuata, kwa sababu sauti ni ya mwanamke mwingine kabisa, nyembamba, inayopanda polepole. Jina lake lilikwisha kukwanguka. Yalibaki maneno mawili tu, "na wenzake". Bibi alikuwa haruhusu mtu mwingine kuigeuza. Upande wa kwanza ukiisha, anainuka mwenyewe, anafuta mikono kwenye kanga, anasema, "Sasa tusikie majibu." Upande wa pili yeye aliuita hivyo, upande wa majibu, maana shairi lilikuwa la kuulizana na kujibizana, na dakika tatu za upande mmoja hazikutosha.

Basi nikamweleza yule kijana wa dukani. Sikumweleza mara moja, nilimweleza mara mbili. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi 15 ni vinaili, fanya unavyofanya siku zote. Hii moja si vinaili. Usiitie dawa yoyote, kama huna sindano yake iache." Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. Akasema, "Mama, usijali, hii ndiyo kazi yetu." Nikarudia. Akasema, "Mama, zote hizi ni plastiki." Kisha akaniandikia risiti.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuichukua sahani yangu na kuondoka nayo. Sikuondoka. Hilo najilaumu mpaka leo.

Kwa wasiojua: sahani za 78 za enzi zile zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, ukachanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu na hukatika kama kigae, lakini udhaifu wake mkubwa ni spiriti. Spiriti inayeyusha shelaki. Si siri ya wataalamu. Fundi samani wa zamani pale Keko atakuambia, maana shelaki hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiyeyushwa kwa spiriti na kupakwa kabatini ili ling'ae. Vinaili haidhuriki kwa spiriti kidogo iliyochanganywa na maji, ndiyo maana dawa nyingi za kusafishia zina spiriti ndani yake. Kwa hiyo dawa inayoiponya sahani moja inaiua nyingine, na mtu anayelipwa Sh 15,000 kwa kila sahani hana ruhusa ya kutojua hilo.

Niliporudi baada ya siku chache, kijana alikuwa amechangamka. Akanitolea kitambaa cheupe cha pamba, akakikunjua juu ya kaunta kama muuza vitenge. Kilikuwa cheusi ti, weusi wa masizi, umekaa kwa miviringo. Akasema kwa fahari, "Ona uchafu uliokuwemo humu, mama. Miaka mingapi hii haijasafishwa?"

Mimi nimefuta sahani nyingi maishani. Vumbi linatoka la kijivu. Moshi wa koroboi unatoka wa kahawia. Uchafu mweusi namna ile haupo. Ule haukuwa uchafu, ilikuwa ni sahani yenyewe. Nikamwambia anipe niione. Mng'aro ulikuwa umeondoka, uso umekuwa mkavu kama ubao wa shule, na mifereji ya sauti upande wa pili imelala, imepakaa, kama wanja uliopitishiwa kidole. Nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni nikitafuta hata mstari mmoja uliosimama. Hakuna.

Sikupiga kelele. Nilishindwa hata kusimama vizuri, nikaomba kiti. Mwenye duka akaitwa kutoka nyuma, mtu mzima mwenzangu, akaitazama sahani, akamtazama kijana, akafungua droo akanihesabia Sh 15,000. "Hii hatukutozi, mama." Kwamba hawanitozi! Nadhani kama angesema tu pole, nisingekuwa naandika haya. Neno pole ni la bure, hata mpita njia akikuona umebeba mzigo anakupa. Mle ndani sikupewa na yeyote kati yao wawili.

Sasa lile jambo ambalo sikutaka kulisema. Nilikaa na ile flashi mkobani karibu mwezi mzima bila kuigusa, na siku nilipoichomeka nilikuwa natafuta makosa zaidi ya kuwashtakia. Sikuyapata. Zile 15 za vinaili zimetoka vizuri kuliko nilivyowahi kuzisikia. Ipo moja ya bendi ya Morogoro ambayo sijawahi kukutana na mtu anayeikumbuka. Miaka yote kwangu ilikuwa ni mkwaruzo na tarumbeta. Sasa gitaa la besi limetokea. Lilikuwemo siku zote, chini ya vumbi, linatembea peke yake huku magitaa mengine yakigombana juu. Niliirudia mara sita. Hawakukata mwanzo wala mwisho, hawakupitisha zile programu zinazofuta mikwaruzo hadi waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pipa. Kila faili lina namba iliyochongwa kwenye sahani, si jina la lebo tu. Hiyo ni kazi ya mtu anayejali. Nakasirika kuiandika, lakini ndivyo ilivyo. Ukiwa na vinaili, na ukakaa palepale ukimwangalia anavyofanya, basi labda nenda.

Na kulikuwa na faili la 16.

Kijana alikuwa na mtindo wa kurekodi kipande kabla ya kusafisha na kingine baada ya kusafisha, apate cha kurusha mitandaoni watu waone tofauti. Kabla hajaitia dawa sahani ya bibi aliipiga upande wa kwanza, wote, akaurekodi. Mashine yao haina mwendo wa 78, ina 33 na 45 tu, kwa hiyo aliipiga kwa 45. Faili linakwenda dakika tano na kitu. Nilipolifungua nikasikia mzee anaguna chini ya kisima. Sindano nayo ilikuwa ya vinaili, ndogo mno kwa mifereji mipana ya 78, inasota chini kwenye takataka badala ya kukaa ubavuni, kwa hiyo kelele zimejaa kama mvua ya bati. Nilitaka kulifuta. Mpwa wangu akanizuia, akasema mama mdogo ngoja, akalifungua kwenye programu ya kompyuta, akaliongeza mwendo mara 1.73, kwa kuwa 78 ukiigawa kwa 45 ndiyo unapata hiyo.

Yule mzee akawa mwanamke. Sauti ileile nyembamba inayopanda polepole. Nyuzi za udi nyuma yake, na mtu anagonga rika, lile tari dogo. Dakika tatu kasoro kidogo. Dada yangu alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Hakusema kitu.

Kwa hiyo niwahukumu vipi? Kijana asiyesikia, aliyeniambia zote ni plastiki, ndiye aliyeniachia upande mmoja ambao mimi, kwa miaka yote niliyokuwa nao kabatini nikiogopa kuugusa, sikuurekodi. Kwa mapenzi yake ya kujionyesha. Nikifikiri hivyo hasira inalegea, nasema nimwendee nimshukuru. Kisha wimbo unafika mwisho wa upande wa kwanza, anauliza lile swali la beti la mwisho, sindano inaingia kwenye utepe mtupu, na hasira inarudi yote, kwa sababu alitosheka na upande mmoja. Dakika tatu nyingine zilikuwa zinamgharimu nini? Sahani alikuwa nayo mezani! Hapana. Nimeshasema labda nenda, sasa nafuta. Msiende. Mtu asiyesikiliza anapoambiwa mara mbili asishike kitu cha mwenzake.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Majibu aliyajua yeye kwa moyo, akiyaimba anapochagua mchele, na mimi niliyaacha yapite kwa kuwa sahani ilikuwepo. Nimekaa na dada yangu tumejaribu kuyaunganisha. Tumepata kibwagizo na nusu ya beti moja, na hata hiyo nusu tunabishana.

Kama kwenu kuna sahani ya 78 yenye lebo ya mbwa, ya taarabu ya pwani, mwanamke, udi na rika, upande wa kwanza unaisha kwa swali, naomba msiifute kwa kitu chochote. Ipigeni kwa sindano yake, na anzeni na upande wa pili. Nitakuja popote mlipo kuusikiliza.