Pete ya silikoni kwa kizazi kilichoshuka: yenyewe nzuri, marejeo ndiyo kazi

Ukiomba "pesari" duka la dawa utapewa vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni. Pete inayozungumziwa hapa nayo huitwa pesari, lakini ni kitu kingine kabisa: duara la silikoni linalokunjika, linalokaa ukeni na kukishikilia kizazi kisishuke. Kwa bibi wa kijijini asiyetaka au asiyeweza kupasuliwa, ni kifaa kizuri sana. Kinachopwaya ni huduma yake.

Zahanati kwa kawaida hazina. Safari ni ya hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na kwa Tanzania msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo haulipi nauli ya basi. Kwa hiyo piga simu kwanza, uliza kama zipo na za saizi gani. Zinahesabiwa kwa milimita; zinazotumika sana ni za 65 hadi 75.

Mkunga au daktari hupima kwa vidole. Pete iliyokaa sawasawa huacha ncha ya kidole ipite kati yake na ukuta wa uke, na mvaaji haihisi. Ikibana au ikizuia mkojo, ni kubwa. Ikiteleza, ni ndogo. Kosa la kawaida ni kumwambia mama akohoe akiwa amelala kitandani, kisha aende zake. Nyumbani anatumia choo cha shimo! Achuchumae, akohoe, atembee, akojoe, yote kabla ya kuondoka. Pete ikichomoka akijikamua kwa choo kigumu, imeishia shimoni. Akiwa chooni aizuie kwa kidole, na mboga na maji ya kutosha visikosekane.

Kuitoa: anaingiza kidole, ananasa ukingo, anavuta taratibu kuelekea chini. Anaiosha kwa maji safi na sabuni ya kawaida, si Jik wala spiriti. Akiweza, aitoe usiku mmoja kwa wiki. Vidole vikiwa na baridi yabisi, au akiona haya, basi arudi kliniki kila baada ya miezi 3 hadi 6. Hapa ndipo mambo huharibika: pete iliyosahaulika kwa miaka hukwangua uke, ikatoa harufu na vidonda, na ikizidi hutoboa njia hadi kwenye kibofu au utumbo. Aina ya plastiki ngumu ni bei nafuu, lakini huchakaa na kukakamaa mapema. Silikoni hudumu miaka.

Baada ya kukoma hedhi ngozi ya uke huwa nyembamba, hivyo krimu ya estrojeni mara mbili kwa wiki hupunguza michubuko. Huko vijijini kuipata ni shida, na haifai kwa kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti amweleze daktari kwanza. Damu ikionekana, msiisingizie pete. Itolewe, na shingo ya kizazi ichunguzwe.

Alama: pete 4 kati ya 5, huduma 2. Saizi na tarehe ya marejeo viandikwe kwenye daftari la hospitali. Ikipotea, kujua kwamba ilikuwa namba 70 kunaokoa safari moja.