Kipandauso: panado au brufeni?

Mtwara hii, msimu wa korosho ukipamba moto, swali halikosi duka la dawa: kichwa kinagonga upande mmoja, nichukue ipi?

Tuanze na kinachouma, maana si ubongo. Wenyewe hausikii maumivu. Zinazosikia ni nyuzi za neva ya trijemino, ile ya hisia za uso na kichwa, zilizozingira mishipa ya damu ya utando wa ubongo. Mwaka 1940 madaktari Ray na Wolff waliripoti kwamba walipoichokoza mishipa hiyo kwa wagonjwa walio macho wakati wa upasuaji, kichwa kiliuma. Kwenye kipandauso nyuzi humwaga kemikali iitwayo CGRP, mishipa hutanuka, na kichwa hugonga kama mchi kinuni.

Kwa nguvu, brufeni ya miligramu 400 iko mbele: huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazozidisha ukali wa nyuzi hizo. Imezwe mapema lakini, kabla kichefuchefu hakijaanza.

Kwa tumbo, panado inashinda waziwazi. Mama aliyeamka alfajiri kubangua korosho, khanga kaikaza kichwani, hata chai hajanywa? Mimi ningempa panado. Vivyo hivyo mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba, hasa ikivuka wiki 20. Kijana mzima aliyeshiba ugali na samaki, brufeni. Panado nayo huumiza ini ukipita gramu 4 kwa siku.

Bei isikusumbue, zote nafuu.

Kukiwa na homa, pima malaria kwanza. Na ukizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, vidonge vyenyewe huanza kuleta maumivu.