Huduma ya Kufuatilia Goti Lililolika: Kliniki ya Fiziotherapia, Mbeya Mjini

Kliniki hii ya binafsi iko upande wa juu wa mji, kuelekea mlima Loleza. Nilimpeleka mama yangu, mkulima wa viazi wa Uyole, ambaye alikwisha kuambiwa kuwa goti lake la kushoto lina osteoathraitisi, yaani ugonjwa wa kulika kwa kiungo. Jina la ugonjwa tulikuwa nalo tayari. Tulichokitafuta ni mtu wa kutueleza kama gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, linazidi kulika na ni nini kinacholiharakisha.

Katika kupima mzigo unaobebwa na goti, sijaona huduma nzuri kama hii hapa Mbeya. Baada ya kumwamkia mama na kumkunja goti kitandani, mtaalamu alimtembeza peku kwenye ukumbi mrefu huku akimrekodi kwa simu kutoka mbele, nyuma na ubavuni, kisha akaisimamisha video na kutuonyesha jinsi goti linavyochomoka kwenda nje kila mguu wa kushoto unapobaki peke yake chini. Goti likienda nje namna hiyo, mzigo hulalia zaidi upande wa ndani, na huko ndiko nafasi kati ya mifupa ilikopungua kwenye picha ya eksirei. Halafu akamtwisha ndoo ya maji na kumtaka ashuke ngazi, kwa kuwa alijua kina mama wa huku hushuka miteremko na mazao kichwani, na kwamba mwendo wa mtu asiye na mzigo hauelezi maisha ya goti lake.

“Mama, fimbo ishike mkono wa kulia,” alimwambia. Mama alikuwa akiishika upande uleule wa goti linalouma, kama wengi wanavyofanya, ilhali ikishikwa mkono wa pili ndipo hupunguza mzigo wa goti bovu. Tofauti ilionekana kwenye video papo hapo. Kuhusu uzito alizungumza kwa heshima, bila kumkaripia: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye ugonjwa huu, kila kilo 1 waliyopungua iliambatana na kupungua kwa takriban kilo 4 za mzigo wa goti kwa kila hatua.

Upande wa damu, sifa zangu zinapungua. Vipimo vya kawaida vilifanywa vizuri na kwa sababu zinazoeleweka: asidi ya yuriki kwa ajili ya gauti (maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi hiyo ikizidi), na vingine vya kuangalia uvimbe wa ndani ya mwili na dalili za baridi yabisi, ili magonjwa hayo yasichanganywe na goti lililolika. Ila kifurushi chao kina pia kipimo cha protini iitwayo COMP, ambayo huingia kwenye damu kutoka kwenye gegedu na tishu nyingine za viungo. Sampuli hupelekwa nje ya nchi, na bei yake ilizidi gharama zote za fiziotherapia tulizolipa. Watafiti wanaithamini protini hii, lakini hadi sasa hakuna kipimo cha damu kinachokubalika katika tiba ya kila siku kuwa peke yake kinaweza kueleza kasi ya osteoathraitisi ya mgonjwa mmoja. Bango la mapokezi linaahidi zaidi ya hapo.

Tena COMP hupanda hata baada ya kutembea nusu saa tu. Mara ya kwanza mama alitolewa damu akiwa ndio kwanza amepanda mlima kutoka kituo cha daladala. Mara ya pili alikuwa amekaa kwenye benchi asubuhi nzima. Namba ya pili ilikuwa ndogo, nasi tukapongezwa kwamba gegedu limetulia. Kliniki inayojua kupima mzigo kwa makini kiasi kile ilipaswa kumpumzisha mgonjwa kwanza, na kuandika alitembea kiasi gani kabla ya sindano. Nilipolisema hilo, msimamizi wa maabara alinisikiliza na kukiri kwamba hawana utaratibu huo.

Mazoezi ya misuli ya mapaja na marudio ya video tutaendelea nayo palepale, na kwa hayo nawashauri wenye wazazi wanaoumwa magoti wawapeleke. COMP hatutailipia tena mpaka waweke utaratibu wa mapumziko kabla ya kutoa damu.